Msalaba wa shaba si hati ya shamba

MAONI – Mvua za kwanza zinapofika, kila mtu anakimbilia jembe. Familia iliyokimbia vita, ambayo shefu wa kijiji ameikatia kipande cha udongo kwa msimu mmoja, inaanza kulima pale ambapo wenyeji waliacha kulima miaka mingi. Siku moja jembe linagonga kitu kigumu. Si jiwe. Ni kipande kizito, kina mikono minne, na rangi yake ni ya kijani kama ya majani yaliyooza. Kikikwaruzwa kidogo kwa kisu, chini ya kijani kunatokea wekundu wa shaba.

Katika vijiji vya bonde la Upemba, kandokando ya Lualaba na ziwa Kisale, na hata kusini zaidi kuelekea machimbo ya shaba, jambo kama hilo si mzaha. Na mara nyingi, kabla jua halijazama, maelezo matatu yanakuwa yameshatoka.

Mkristo mmoja anasema: huu ni msalaba, basi wamisionari wa zamani walipita hapa. Mnunuzi wa mitrai, yaani vyuma chakavu, anasema: hii ni shaba tupu, tuipime kilo. Mwenye ukoo wa pale anasema: hiki ni cha babu zetu, basi udongo huu ni wetu, na wageni waondoke.

Maelezo yote matatu yana kosa moja. Kila mmoja amekitazama kitu chenyewe, akasahau mahali kilipolala. Na kwa familia iliyohama, kosa hilo si la maneno tu. Linaweza kuiondolea shamba, mavuno na bukari ya watoto.

Ni vizuri kuanza na kitu chenyewe. Kipande cha shaba chenye mikono minne, ambacho wengi wanakiita croisette ya Katanga, hakikutoka kanisani. Mafundi wa shaba wa nchi hii walikuwa wakikitengeneza mamia ya miaka kabla ya padri wa kwanza kufika. Walikusanya mawe ya kijani yenye shaba ndani yake, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa na kupuliza mivukuto mpaka jiwe likayeyuka. Shaba iliyoyeyuka walimimina katika kalibu. Ilikuwa kazi ya wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, na siri zake zilikuwa mikononi mwa watu wachache waliofundishana.

Umbo hilo limebaki katika kumbukumbu ya Katanga mpaka leo. Bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 ilikuwa na misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Feza za chuma zilizotolewa na serikali hiyo mwaka 1961 zilichorwa msalaba huohuo. Kwa hiyo mtu anapoukuta shambani, anakuta kitu ambacho jina lake analijua tayari, na kwa sababu hiyo anafikiri kwamba anajua pia maana yake. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Watu waliosaidia kuelewa maana yake walifanya kazi ya polepole. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba makaburi ya kale huko Sanga, kwenye ukingo wa ziwa Kisale. Mwaka uliofuata Jean Hiernaux aliendelea. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret alirudi Sanga na kuchimba pia sehemu nyingine za bonde, zikiwemo Katongo, Kikulu, Kamilamba na Malemba-Nkulu. Hawakutoa tu vitu na kuvijaza sandukuni. Waliandika kila kitu kililala wapi: kichwani, kifuani, kiunoni, mkononi au miguuni mwa marehemu, na kando ya chungu gani.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililoifanya shaba iseme. Katika makaburi ya zamani zaidi, misalaba ni ya shida kupatikana, na shaba nyingi ni mapambo: bangili, mikufu, nyaya zilizosokotwa. Baadaye, kuanzia karibu na karne ya 14, misalaba inaongezeka. Mwanzoni ni mikubwa na michache, na inawekwa juu ya kifua cha marehemu. Muda unavyopita inakuwa midogo, inakuwa mingi, inaanza kufanana kwa ukubwa, na sasa inakutwa karibu na mikono na nyonga.

Kitu kikubwa kilicholazwa kifuani kinaonekana kuwa cha heshima. Vitu vidogo vingi vya kipimo kimoja, vilivyowekwa mkononi au kiunoni, vinafanana na feza ambayo mtu anaishika au anaifunga mfukoni. Ndivyo watafiti walivyofikia wazo kwamba, katika bonde la Upemba, msalaba wa shaba ulianza kama mali ya heshima, kisha polepole ukawa feza ya kununulia na kulipia mambo ya kila siku. Umbo peke yake lisingewapa jibu hilo. Ni mahali palipoonyesha tofauti.

Sasa achukuliwe mtu aliyeng'oa misalaba hiyo, akaiosha kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaipeleka sokoni ndani ya mfuko wa simenti. Hakuna profesa wala mzee wa kimila anayeweza tena kusema kama ilitoka kifuani au mkononi. Shaba imebaki, lakini habari imekufa. Na mnunuzi wa mitrai halipi habari. Yeye analipa kilo.

Mfano wa pili unatoka Kamilamba, katika bonde hilohilo. Katika kaburi moja la karibu na karne ya 8 ilikutwa shoka ya ajabu. Ubao wake wa chuma ulichorwa kwa ustadi, na mpini wake ulipambwa kwa misumari mingi. Mkata kuni yeyote akiiona anajua kwamba shoka kama hiyo si ya porini. Misumari ingemuumiza mkono, na michoro haisaidii kuangusha mti. Basi ilikuwa ya nini?

Kaburi lilitoa jibu kwa sababu ndani yake mlikuwa na kitu kingine: fuawe ya chuma, yaani kile chuma ambacho mhunzi anafulia vyuma vingine juu yake. Shoka ya mapambo na fuawe katika kaburi moja zinaonyesha mtu ambaye ukubwa wake ulishikamana na ufundi wa chuma. Na hapo wazee wa Buluba wana neno la kusema, kwa sababu mashoka ya heshima yanajulikana katika enzi ya Waluba, na masimulizi yao yanaunganisha ufalme na uhunzi. Hata wanawake na wanaume wa Kiluba walivaa nyweleni pini za chuma zenye umbo la fuawe ndogo. Kile ambacho kingeonekana kuwa shoka mbovu kikawa ushuhuda kwamba alama za utawala zilizokuja kujulikana kwa Waluba zina mizizi ya zaidi ya miaka elfu moja.

Kuna la kujifunza hapa kuhusu nani anastahili kueleza kitu cha namna hiyo. Mtafiti peke yake angeona misumari na kuhesabu. Mzee peke yake angeweza kusema kwamba ni shoka ya shefu, lakini asingejua ni ya zamani kiasi gani. Walipokutana udongo, kipimo na masimulizi, ndipo maana ilipotokea. Wale wanaodharau wazee kwa kuwa hawakusoma, na wale wanaodharau wasomi kwa kuwa si wa kijiji, wote wanapoteza nusu ya habari.

Mfano wa tatu uko ng'ambo ya mpaka, Zambia, na unawagusa waliohama kuliko yote. Bwawa la Kariba lilipojengwa kwenye mto Zambezi mwishoni mwa miaka ya 1950, maelfu ya Watonga wa bonde la Gwembe walilazimishwa kuacha vijiji vyao kwa sababu maji yangevifunika. Sehemu yao walipelekwa Lusitu. Katika eneo hilohilo, mwaka 1960, watu waliokuwa wakichimba juu ya kilima kwa ajili ya matangi ya maji waligonga makaburi ya kale. Mahali hapo panaitwa Ingombe Ilede, maana yake ng'ombe aliyelala, kwa sababu ya mbuyu ulioinama pale kama ng'ombe.

Baadhi ya watu waliozikwa pale walikuwa na dhahabu, shanga za kioo, na misalaba ya shaba. Lakini kando yao kulikuwa pia na nyaya za shaba na vifaa vya kuvutia nyaya. Kwa hiyo msalaba wa Ingombe Ilede hausomwi sawasawa na ule wa Kisale. Kule unakaa pamoja na vyombo vya fundi na mali ya mfanyabiashara, kama shaba inayosafiri na kungoja kufuliwa. Umbo linafanana, shaba ni ileile, lakini majirani zake ardhini wanaubadilishia maana.

Nani angejua hayo kama wachimbaji wa matangi wangegawana vitu kimyakimya na kuendelea na kazi? Na mahali pale, ambapo Watonga waliohamishwa walipewa kuanza maisha mapya, palikuwa tayari pamelalia watu wengine wenye historia yao. Udongo wa Lusitu ulipokea wa zamani na wa leo. Makaburi ya kale hayakuwa sababu ya kumkatalia mgeni maji.

Hapo ndipo panapogusa ugomvi wa mashamba hapa kwetu Kongo. Katika majimbo ya Haut-Lomami, Tanganyika na Haut-Katanga, kuna familia zilizohama mara moja, mbili, hata tatu. Wengine walitoka katika ile pembetatu ya kifo ya Manono, Mitwaba na Pweto. Wanapofika mahali wanapewa shamba kwa neno la mdomo tu, bila karatasi. Mtu wa namna hiyo akikuta kitu cha kale ardhini, anaogopa kwa haki. Akinyamaza, atashukiwa kuwa ameiba hazina ya kijiji. Akisema, anaweza kuambiwa: umeona, hapa ni kwa mababu zetu, toka.

Lakini msalaba wa shaba hausemi hivyo. Kwanza, katika bonde la Upemba lenyewe hakuna machimbo ya shaba. Shaba iliyozikwa Kisale ilitoka mbali kusini, kwenye nchi ya madini tunayoijua leo kwa majina ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, safari ya siku nyingi kwa miguu na kwa mtumbwi. Pili, katika makaburi hayo kumekutwa pia simbi, yale makombe madogo meupe ya bahari ya Hindi. Hakuna simbi anayezaliwa katika Lualaba. Yalipita mkononi mwa watu wengi wa lugha nyingi mpaka yakafika kwenye shingo ya mtu wa Kisale.

Kwa hiyo yule anayeinua msalaba wa shaba juu na kupiga kelele kwamba nchi hii haikujua mgeni, ameshika mkononi kitu kinachomkana. Kama pasingekuwa na mgeni, pasingekuwa na shaba pale. Samaki wakavu na vyakula vya ziwa vilikuwa na wanunuzi, na wenye shaba walikuwa na njaa ya samaki. Hiyo ndiyo habari ambayo ardhi inaitunza, na ni habari ya kupokeana.

Hii haina maana kwamba wenyeji hawana haki. Makaburi ni makaburi. Kama mahali palipolimwa panatokea mifupa, vyungu na shaba, wenye mahali wana haki ya kuombwa ruhusa, kufanya desturi zao na kusema jembe lisimame. Familia iliyopokelewa inapaswa kuheshimu hilo bila kubishana. Lakini kusimamisha jembe juu ya kaburi ni jambo moja, na kufukuza familia nzima ni jambo lingine. Shefu anaweza kuikatia kipande kingine hatua hamsini kutoka pale. Kitu cha miaka mia tano kinaeleza nani alizikwa pale. Hakiwezi kuamua nani apande mahindi mwaka huu. Hilo linaamuliwa na watu walio hai, kwa sheria na kwa makubaliano.

Kuna wanaojibu kwa hasira: mtu aliyelala chini ya turubai na watoto watano ataachaje shaba ardhini kwa ajili ya makumbusho? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa mahubiri. Mwenye njaa anauza alicho nacho. Ila inafaa ajue anachouza na kwa bei gani. Kwenye mizani ya mitrai, msalaba wa kale unalipwa sawa na waya uliokatwa kwenye nguzo ya umeme. Mlolongo wa wanunuzi ukifika mwisho, mahali fulani katika mji mkubwa au ng'ambo ya bahari, mtu mwingine atauuza kwa jina la kitu cha kale na kupata faida ambayo mlimaji hataisikia kamwe. Aliyekuta anabaki na feza ya siku mbili, na hatari juu yake, kwa sababu sheria ya Kongo ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni, na mkono unaokamatwa kwanza ni wa mnyonge, si wa mnunuzi mkubwa.

Ndiyo maana lawama isianzie kwa mlimaji. Ianzie kwa wenye madaraka. Ikiwa shefu, mkuu wa teritware na shirika za kiraia wanataka vitu vya kale visipotee, wanapaswa kutoa ahadi moja mbele ya watu wote, kwa wenyeji na kwa waliohama: anayetoa habari hapotezi shamba lake, wala haitwi mwizi. Bila ahadi hiyo, matangazo yote ya kulinda utamaduni ni kumwambia maskini ajifunge kamba mwenyewe. Na mahali shamba linaposimamishwa, fidia ya mbegu na jasho itolewe kabla ya hotuba.

Makumbusho nayo yana deni. Lubumbashi kuna Makumbusho ya Taifa, na vitu vya makaburi ya Kisale viko huko na Tervuren, Ubelgiji. Watoto wa Malemba-Nkulu wanaovua ziwani hapohapo hawajaviona. Picha chache zilizobandikwa shuleni na dakika kumi kwenye redio ya hapa, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, zingefanya kazi zaidi ya makatazo. Mtu hulinda kitu ambacho amekwisha kukijua.

Kwa mlimaji mwenyewe, la kufanya si gumu. Jambo la kwanza ni la usalama. Katika nchi iliyopita vita, kitu cha chuma kisichojulikana kinaweza kuwa bomu au kombora ambalo halijalipuka. Kama hakieleweki, kisipigwe kwa nyundo, kisitupwe motoni, watoto wasogezwe mbali, na habari ipelekwe kwa shefu au kwa wakuu wa usalama. Wapo waliokufa kwa kutaka kujua ndani ya chuma kuna nini.

Ikionekana wazi kwamba ni kitu cha kale, jembe lisimame hapohapo. Kisiondolewe na kisisuguliwe, maana hata ule ukijani na udongo ulioshikamana nacho vina habari. Kama kuna simu, ipigwe picha kikiwa bado kimelala, na kando yake uwekwe mkono au jembe ili ukubwa uonekane. Kama hakuna simu, kijiti kichomekwe, na shahidi mmoja mwenyeji na mmoja katika waliohama waitwe. Itazamwe kama kando yake kuna chungu, mfupa, shanga au makaa. Halafu shimo lifunikwe kwa udongo uleule, na habari ifike kwa shefu mbele ya mashahidi hao wawili. Mashahidi hao ndio ngao ya mlimaji dhidi ya maneno ya usiku.

Na kwa shefu, yote yanategemea neno lake la kwanza. Akiuliza, "Umeuza vingapi?", kesho hakuna atakayemwambia kitu tena, na misalaba itaondoka kijijini usiku ndani ya mifuko ya muhogo. Lakini akisema, "Mahindi yako yabaki, sasa tuonyeshe mahali," mlimaji atatangulia, wazee watafuata, na watu wa pande mbili watasimama pamoja juu ya shimo lililofunikwa, wakiulizana ni nani aliyelala pale na shaba yake ilitoka wapi.